Ulimi wa Eucabeth

Muuguzi alimwomba mama ashuke kwenye mizani kisha apande tena, maana hakuiamini namba aliyoiona mara ya kwanza. Namba haikubadilika. Kilo arobaini na tatu, mtu mzima, akiwa na sweta nzito na kitambaa kichwani.

Daktari alikuwa ameshatuonyesha picha ya nyonga yake. Mfupa wa kushoto ulikuwa umelika, na bila kuwekewa nyonga ya chuma mama angeacha kutembea kabisa. Lakini hangempasua akiwa hivyo. Kidonda hakingepona, alisema, kwa sababu mwili haukuwa na kitu cha kujijengea. Akaandika kwenye kadi: kilo arobaini na saba, wiki sita.

"Anakula nini?" Aliniuliza mimi, hakumwuliza yeye.

Nikasema anakula kile tunachokula sote.

"Nakula," mama akasema. "Mimi si mtoto wa kulishwa."

Haikuwa kweli, na sote watatu tulijua. Nyumbani alikuwa akitia kijiko kimoja cha wali mdomoni, anakizungusha kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki, anameza, kisha anasukuma sahani. Anasema ameshiba. Alikuwa akishiba hivyo kwa miaka minne, na mimi mwalimu, mtu niliyefundishwa chuoni jinsi ya kumtambua mtoto aliyekuja darasani na njaa, nilikuwa nikiichukua ile sahani na kuiosha.

Mama anaitwa Eucabeth Nyongesa. Ana miaka sitini na tisa. Alizaliwa karibu na Kimilili, akaletwa Nakuru akiwa bi harusi, kwenye nyumba ya baraza la mji huko Bondeni ambayo baba mkwe wake aliipata alipokuwa mfanyakazi wa reli. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi. Mama alijenga kibanda cha chakula mkabala na lango la kiwanda hicho na akapika hapo kwa miaka ishirini na miwili, ugali na mboga za kienyeji, maharagwe, matumbo, chai.

Hakuwahi kupima kitu kwa kijiko. Alionja, basi. Angeweza kukuambia kama maji ya chai yametoka kwenye bomba la nje au kwenye pipa la mvua. Wanaume wa kiwandani walikuwa wakimwekea vikombe viwili mbele yake, kimoja kikiwa na maziwa ya ng'ombe kutoka Dundori na kingine maziwa ya pakiti, wakamfunga macho kwa skafu. Hakukosea hata mara moja. Dau lilikuwa soda, nami na kaka yangu Levis ndio tuliokunywa soda hizo.

"Mama Levis," walikuwa wakimtania, "huo ulimi tuupeleke maabara ukachunguzwe."

"Upelekeni," anawajibu, "lakini urudi kabla ya saa sita. Nina ugali wa watu."

Nyumbani tulikula alichokula yeye utotoni. Viazi vitamu na chai asubuhi. Ugali wa wimbi wakati gunia lilipoletwa kutoka Kimilili, mweusi, ukiteleza kooni wenyewe. Kuku Jumapili mojamoja, firigisi ikienda kwenye sahani ya baba bila mtu kuuliza. Ukoko wa ugali tuligombania mimi na Levis hadi tukachapwa wote wawili. Na mrenda, ambao sisi tuliuita murere, ukiwa umechanganywa na kunde na kupikwa kwa musherekha.

Musherekha ni maji ya majivu. Unachukua maganda makavu ya maharagwe, unayachoma, unatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji juu, na chini yanadondoka maji yenye rangi ya chai ya strungi, isiyotiwa maziwa. Hayo ndiyo yanayolainisha mboga na kuipa ladha yake. Yakiwa machache, mrenda unabaki mgumu na mtupu. Yakizidi, umepika sabuni. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu aliruhusiwa kusema musherekha umetosha. Sisi wengine tulishika mwiko na kungoja.

Kiwanda kilifungwa. Baba alifariki. Kibanda kikakosa walaji. Mimi nilirudi kuishi na mama nikiwa na binti yangu Mitchelle, na kidogokidogo chakula kikabadilika, kama nilivyodhani kimebadilika kwa kila mtu. Nilitoka shuleni nimechoka nikapika noodles. Mitchelle alitaka soseji. Levis, ambaye huendesha lori kwenye machimbo ya Kariandusi, alianza kuja Jumapili na boksi la kuku na chips. Mama alikuwa akiyatazama maboksi hayo yakifunguliwa mezani.

"Chips ni chakula cha watu wavivu," alisema. "Na huyu kuku ni wa wagonjwa. Hana hata mfupa wa kuuma."

Tulicheka. Hakuvigusa.

Kwa hiyo, tulipotoka kliniki na kadi ile, niliona jambo liko wazi. Mama alikuwa akifa njaa kwa sababu tulikuwa tumeondoa chakula chake nyumbani. Ningekirudisha. Mrenda ulipatikana sokoni. Kilichokosekana ni maganda, maana siku hizi maharagwe tunayanunua yakiwa yamepukuchuliwa tayari. Nikaenda kwa Wanjugu, anayeteremka kutoka Dundori na viazi na mboga na kukaa kwenye kona yetu tangu nikiwa msichana.

"Maganda ya maharagwe?" akauliza. "Ya nini, Mama Mitchelle? Umenunua ng'ombe?"

"Nataka kuyachoma."

"Kuyachoma!" Akawageukia wateja wake. "Na huyu ni mwalimu. Chakula ya ng'ombe anachoma, halafu anakula majivu."

"Si majivu. Maji ya majivu."

"Ni hiyo hiyo tu. Nyinyi watu wa western mna mambo. Na majivu ikiisha mnakula kuni?"

"Na nyinyi mnaoponda kila kitu na viazi mpaka hata mahindi haijui iko wapi?"

"Hapo umefika kwa mukimo. Heshimu mukimo."

Alhamisi aliniletea gunia zima, limefungwa kwa kamba ya katani, na salamu kwa Mama Levis.

Nilichoma maganda uani kwenye karai kuukuu. Majirani walianua nguo zao kwenye kamba wakinitazama. Mama alikaa mlangoni na fimbo yake, akiniambia nisikoroge, niache yajiwakie. Nilitoboa kopo la mafuta ya kupikia kwa msumari. Maji yalipoanza kudondoka niliyatazama kwa muda, tone baada ya tone. Nilitarajia kuhisi jambo fulani. Nilihisi mgongo tu, kwa kuinama.

Mboga ilipochemka nilimimina kiasi nilichokumbuka, kisha nikachota mchuzi kwenye kijiko nikamsogezea.

"Onja."

Alichovya ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akafumba macho kama zamani.

"Ongeza kidogo."

Niliongeza.

"Bado. Ongeza."

Niliongeza tena. Mara ya tatu aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Hapo sasa."

Mimi sikuonja. Haikunijia kabisa kwamba ningeweza kuonja.

Tuliketi watatu. Mitchelle, ambaye ana miaka kumi na tano na hajawahi kuficha kitu usoni, alitia tonge mdomoni na kulitoa papo hapo.

"Mum, maze! Hii ni sabuni ya kufua!"

Nilimpiga teke chini ya meza. Kisha nikala tonge langu. Lilinichoma kuanzia ulimini hadi kooni, chungu, likateleza na kubaki huko kama povu. Nilikunywa maji glasi nzima.

Mama alikuwa amekata tonge lake vizuri, akaliviringa, akalichovya, akalimeza.

"Imeshika," akasema. "Kama ya mama yangu."

Akakata jingine. Nilimtazama akilimeza nalo.

"Chumvi je, mama?"

"Inatosha."

Sikuwa nimetia chumvi hata punje moja.

Nje mtu alikuwa akijaza ndoo bombani. Kisha Mitchelle akasema, si kwa dharau, alikuwa akiuliza tu, "Shosh, kwani wewe husikii ladha?"

Mama aliweka tonge chini. Akafuta vidole vyake, kimoja kimoja, kwa kitambaa cha meza.

"Tangu ile homa," akasema.

Alimaanisha homa ya mwaka 2021, tulipokuwa sote tunavaa barakoa, aliyougua wiki mbili chumbani huku nikimwachia uji mlangoni.

"Ya watu wengine ilirudi baada ya mwezi. Nikasema yangu pia itarudi. Nikangoja Krismasi. Nikangoja Pasaka. Siku hizi singoji."

"Na harufu?"

"Na harufu. Moshi wako wa leo niliuona kwa macho tu."

"Miaka minne, mama. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mimi Eucabeth nimekuwa sufuria? Chakula kinaingia, kinatoka, sufuria haijui kama ilikuwa nyama au mawe." Akasogeza sahani kidogo. "Nilikuwa napika kwa kukumbuka. Halafu nikaona mmeanza kuleta maboksi. Nikajua basi, watoto wamekua, chakula changu sasa ni cha kishamba."

Nilijaribu kukumbuka boksi la kwanza. Haikuwa vigumu. Ilikuwa Jumapili, miezi michache baada ya homa. Mama alikuwa amepika maharagwe na chapati, na maharagwe yalikuwa yametiwa chumvi kama mara tatu. Tulitazamana mimi na Levis. Jumapili iliyofuata kuku hakuwa na chumvi kabisa. Tulisema kule nje, kwenye bomba, kwamba mama amezeeka. Levis akamwambia kwa upole, "Mama, Jumapili usijisumbue. Pumzika, mimi nitakuja na chakula." Mimi nami nikaanza kurudi nyumbani mapema ili nishike jiko kabla yake. Kila mmoja wetu alifanya hivyo kwa wema. Nilikuwa nimewahi hata kuwaeleza walimu wenzangu, wakati wa chai, jinsi familia za mjini zinavyoacha vyakula vya asili, na jinsi vizazi vinavyobadilika.

"Sisi tulidhani umezeeka," nikamwambia.

"Nimezeeka pia," mama akasema.

Sikulia. Nilimwaga ule mrenda, nikasugua sufuria, nikaianika.

Kesho yake nilipika mwingine, nikionja mwenyewe kila hatua. Ulitoka ulivyotakiwa. Niliujua mara moja, kabla hata ya kumeza, na nikasimama hapo jikoni na kijiko nikiwa na miaka saba na miaka arobaini na mitatu kwa wakati mmoja. Mama alikula matonge matatu, kwa ajili yangu, akasukuma sahani. Wiki ya pili ilikuwa inaisha. Nilimpima kwenye mizani ya jirani. Arobaini na tatu na robo.

Nilimpigia daktari simu nikamweleza. Alisema angeliandika kwenye faili, kwamba baada ya muda mrefu hivyo huenda ladha isirudi, na kwamba kilo ni zilezile.

Ilikuwa Jumanne jioni, saa kumi na moja hivi, Mitchelle alipotoka shule na bhajia kwenye karatasi, zile za viazi zinazokaangwa na unga wa manjano pale kwenye kona. Alikuwa ameketi kando ya bibi yake, miguu juu ya kiti, akitafuna na kuandika hesabu.

"Hiyo kelele ni yako?" mama akauliza.

"Kelele gani, Shosh?"

"Ya kutafuna. Nipe moja."

Aliishika, akaigeuza, akaiuma. Ilisikika hadi nilipokuwa nimesimama. Akatulia. Akauma tena.

"Hii inasemasema," akasema.

"Inasema nini?"

"Sijui. Lakini inaongea. Ugali wenu umenyamaza."

Alikula sita. Mitchelle alizihesabu na kunitolea macho. Kisha akachovya ya saba kwenye pilipili ya unga akampa bila kumwonya, na mama akakohoa hadi machozi yakamtoka, akapiga meza kwa kiganja.

"We mtoto unataka kuniua!"

"Umeiskia lakini?"

Mama alipangusa macho. "Nimeisikia," akasema. "Hebu lete nyingine."

Tangu siku hiyo Mitchelle ndiye aliyechukua jiko, na mimi nikawa wa kutumwa. Aliweka orodha kwenye simu yake. Vitu vya kelele, vitu vya moto, vitu vya baridi, vitu vya kuwasha. Karanga zilizokaangwa. Mahindi ya kuchoma yakiwa bado yanachoma vidole. Maziwa lala kutoka kwenye friji, baridi ya kuuma meno, kwa sababu baridi mama aliisikia. Chips zilizokaangwa mara mbili. Nilipendekeza ukoko wa ugali, nikampelekea kwenye kisahani, nikiwa na uhakika. Mama aliutazama, akaumega mara mbili, nusu akampa Mitchelle na nusu akanirudishia mimi.

"Huo ni wa watoto," akasema, akarudi kwenye bhajia zake.

Mrenda niliendelea kuupika kwa muda, hadi gunia la Wanjugu lilipoisha. Niliula peke yangu.

Levis alikuja Jumapili ya wiki ya nne na boksi lake, koti lake likiwa na vumbi jeupe la Kariandusi kwenye mikunjo. Nilimweleza habari ya ulimi wa mama kwenye bomba, akinawa mikono.

"Kwa hivyo yale maharagwe," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia asipike."

"Tulimwambia sote."

Aliendelea kunawa ingawa mikono ilikuwa safi. Tulipoingia, mama alikuwa ameshalifungua boksi mwenyewe.

"Levis, hiyo ngozi iliyokaangwa uniachie mimi. Nyama kuleni nyinyi."

"Si ulisema huyu kuku ni wa wagonjwa?"

"Na mimi mnanipeleka hospitali kufanya nini? Kuuza mitumba?"

Levis alicheka. Kisha akainuka ghafla akasema amesahau kufunga gari, akakaa nje muda mrefu. Mama alitafuna ngozi yake. Levis aliporudi, mama alimwuliza kama gari limefungwa, naye akasema limefungwa.

Mwisho wa wiki ya sita muuguzi yuleyule alimsimamisha kwenye mizani.

"Mathe, toa sweta."

"Kuna baridi."

"Toa, mathe, usinichezee. Na viatu."

Namba ilisimama kwenye arobaini na sita na nusu. Muuguzi aliitazama, akamtazama daktari. Daktari akaikunja kadi, akamwuliza mama amekula nini.

"Chips," mama akasema.

Nilidhani daktari angetoa hotuba, au angeturudisha kwa ile nusu kilo iliyopungua. Aliandika tarehe ya upasuaji, Jumatano iliyofuata.

Tulimlaza Jumanne mchana kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Saa kumi na mbili jioni wakaleta chakula kwenye sahani za plastiki, ugali, kabeji na vipande viwili vya nyama. Muuguzi wa wodi alipita akisoma majina, akafika kwa mama.

"Eucabeth, ukimaliza hii, kuanzia saa sita usiku hakuna kula wala kunywa. Hata maji. Umesikia?"

"Wiki sita mnanifukuza na sahani," mama akasema, "leo mnaninyang'anya."

Mwanamke wa kitanda cha kulia alicheka, kisha akaonja kabeji yake na uso ukamkunjamana. Wa kushoto alikuwa ameshafunika sahani yake.

Mama alinisogezea kijiko.

"Sue, onja. Niambie ikoje."

Nilionja. Nilitafuta maneno, maana siku hizi huniuliza hivyo kila mara nami bado sijazoea.

"Haina chumvi kabisa. Kabeji imechemshwa tu, ina harufu ya sufuria. Nyama ni ngumu."

"Mafuta?"

"Hakuna."

Alifikiri kidogo, akatazama upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto.

"Basi leo hapa tuko sawa wote," akasema.

Akakata tonge, akachovya, akala. Ilimchukua muda, na sikumharakisha. Alimaliza kabeji, akamaliza ugali, akatafuna nyama hadi mwisho. Kisha akanipa sahani nikaioshe.